Swali la Kumi na Nne

Nilipanda mlimani na hojaji mia mbili na kumi,
kalamu mbili, na viatu visivyoijua theluji.
Sampuli niliichota kama nilivyofunzwa Tbilisi:
kila mlango wa saba, jengo kwa jengo,
hata kama wa sita unanukia mkate
na wa saba una mbwa.

Wa saba ulikuwa wa Tsiala, mjane wa mchimba manganizi.
Swali la kumi na nne: "Tangu kigari cha waya king'olewe,
umeridhika kwa kiasi gani na maisha yako?
Moja, hata kidogo. Tano, sana."
Akauliza, "Na magoti yangu, yako kwenye namba ipi?"
Nikatafuta kisanduku. Hakikuwepo.
"Basi andika tatu. Tatu haina adui."

Usiku nikajumlisha: tatu, tatu, tatu,
mji mzima umesimama katikati ya ngazi
ukishikilia ukuta.
Wastani ulipendeza. Wastani hauna magoti.

Nikarudi bila karatasi.
Ngazi mia nne na tatu; nilizihesabu, nisiache kazi kabisa.
Nikambebea viazi. Nikajua anapopumzikia,
akijifanya anafunga kamba za viatu.
Viatu vyake havina kamba.
Vitabu vyetu huuita ushuhudiaji shirikishi.
Mgongo wangu uliuita viazi.

Ofisini mgodini, Gocha alinifungulia kabati:
daftari za kigari, abiria kwa kila saa, miaka thelathini,
na pembeni, kwa wino wa zambarau,
majina ya waliosahau miavuli.

Nikamsomea Tsiala jina lake. Mwavuli wa kijani, mwezi Machi.
Akacheka, kisha akanyamaza akimenya kiazi,
nami, kwa mara ya kwanza, sikuuliza kitu.

"Kabla yako alikuja mwingine," akasema,
"kijana mpole, karatasi kama zako.
Aliuliza kama kigari kinatutia hofu.
Tulisema kweli: kinatutia, kinalia kama mbuzi kwenye upepo.
Basi wakaking'oa."

Ripoti nimeiandika. Jedwali la pili lina tatu zake zote,
na chini yake tanbihi,
ndefu kuliko jedwali.
Profesa ameizungushia wino mwekundu: *punguza*.

Sijapunguza.
Wala sijabisha hodi mlango wa sita.
Nilipita tena jana, nikasimama kidogo.
Mkate ulikuwa unaungua.