Giza la Kununua

Nimetumwa mjini na elfu nne na mia mbili,
mia mia za watoto arubaini na wawili,
noti zilizokunjwa zikawa ndogo kama vidonge,
na sarafu za Nafuna, zote za shilingi tano,
zinauvuta mfuko wa koti langu chini.
Jumatatu jua litapatwa.

Luthuli, Kithome amezitandaza juu ya spika,
kadi ngumu zenye mkono wa kushikia, kama upepeo,
zimechorwa jua lililovaa miwani, linacheka.
"Chukua, mwalimu. Ukiweka hii unaona kila kitu."

Naiweka. Kweli, naona kila kitu:
bei za chaja ubaoni,
mkokoteni uliokwama mtaroni,
namba ya pikipiki ng'ambo ya barabara,
meno ya Kithome, moja la fedha.
Namrudishia.
"Ndugu yangu, natafuta isiyoonyesha kitu."
Ananitazama kama niliyeomba chai isiyo na maji.

Nimweleze vipi, na wateja wananisukuma mgongoni,
habari za mjomba Shikuku?
Mwaka ule wa themanini, kijana wa miaka kumi na mitano,
alichukua eksirei ya mbavu za bibi yake
akalitazama jua kupitia kifua cha bibi
muda wa kuchemsha yai, akijisifu haumii.
Ndio ujanja wa jua: jicho, kule ndani,
halina mdomo wa kupigia ukelele.
Kesho yake aliamka na shilingi nyeusi
katikati ya kila alichokitazama.
Mpaka leo ukimsalimia anakuona masikio.
Anaona fremu ya mlango, haoni aliyesimama mlangoni.
Wajukuu huwatambua kwa viatu.

Duka la pili, Moi Avenue, ghorofani.
Nyuma ya kadi zimechapwa namba za viwango, tarakimu zote zimo,
lakini jina la kiwanda halipo,
na wino haujawahi kuzuia mwanga.
Nawasha tochi ya simu, nainua kadi:
tochi inaniangalia, nyeupe, bila haya.
Nashukuru, nashuka ngazi.

Kamukunji, katikati ya nyundo na masufuria,
namkuta Odera akichomelea geti.
Anavua kinyago. "Hiki changu ni namba kumi na moja,
kwa chuma kinatosha. Kwa jua, kumi na nne. Usipungukiwe."
Anapekua sandukuni, anatoa kipande kimoja, kimefungwa gazetini.
"Hiki siuzi. Nakuazima."
Nacheka njia nzima:
kumbe wa kunipa habari za jua
alikuwa jua kali mwenyewe.

Ngara, hatimaye, kwa daktari wa macho.
Pakiti bado zina lakiri, kiwanda kina jina na anwani.
Nainua moja kuelekea taa ya dari: taa imekufa.
Kuelekea tochi: usiku.
Natoka nje, nageuza uso juu, kadi ikiwa tayari machoni,
na hapo, katika giza lote nililolinunua,
duara moja la rangi ya chungwa, dogo kama kidonge.
Mia mbili kila moja. Ishirini na moja.
Watoto watashikana wawili wawili.

Jumapili jioni, maabara, nazikagua tena
moja baada ya nyingine chini ya balbu.
Ya kumi na saba ina kitone cha nuru, kama kimedungwa sindano.
Naikata kwa mkasi.
Nafuna, aliyebaki kupanga viti, anaruka:
"Si bado ni nzima?"
Namwonyesha kitone. Ananyamaza.
Kioo cha Odera kitaziba pengo.

"Na mjomba wako, kesho atatazama?"

Atatazama. Nimempelekea kichujio cha unga.
Atakaa uani Kariobangi, jua likiwa mgongoni,
akiinue juu ya bega, na ukutani mbele yake
kila tundu litaangusha jua lake, limemegwa ubavuni,
mamia ya vijua, na hakuna hata kimoja kinachouma.
Atageuza kichwa kidogo, kama jogoo,
avitazame kwa pembeni,
kule ambako bado anaona.