Mawazo Yanakaa Chumba Gani

Tabibu alinifungua mkanda wa presha,
akaandika namba mbili, akapiga mstari katikati,
akasema, "Mwalimu Somoe, punguza mawazo,"
kama amwambiaye mtu apunguze chumvi.
Nikarudi nyumbani na agizo langu kwenye mkoba
nikijiuliza: nitayapunguzaje,
nami sijui yanakaa chumba gani?

Nikaanzia uvunguni.

Humo mlikuwa na salfa, mifuko miwili na nusu,
unga wa njano umetambaa hadi miguu ya kitanda.
Mikorosho huipata dawa hii kwa msimu;
sisi tunalala juu yake mwaka mzima,
kisha tunaulizana kikohozi kimetoka wapi.

Vikafuata vifuniko saba visivyo na sufuria,
na sufuria moja isiyo na kifuniko,
na katika vile saba hakuna kilichoienea.
Daftari za darasa la saba la miaka tisa iliyopita,
insha hazijasahihishwa, wenyewe wamekwisha oa.
Kitambaa nilichofuma cha kufunika televisheni:
televisheni tuliiuza kwa ada ya Chitanda,
kitambaa kikabaki juu ya meza,
kikifunika pale ilipokuwa.

Kufika saa nne nyumba yote iko uani,
upepo wa Newala wa mwezi wa saba unapekua nguo.
Bi Nantende akachungulia juu ya uzio wa mabua.
"Shoga, umeachika?"
"Bado."
"Unahama, basi?"
"Nahamia ndani."
Akacheka, akaja na ufagio wake
na umbea wa mtaa ambao sikuuagiza.

Huku juu maji hayamwagwi, yanahesabiwa.
Tulipiga deki kwa maji ya kusuuzia vyombo,
yaliyobaki yakanywewa na mgomba.
Ukutani tukapaka udongo mweupe
uliokorogwa na uji wa muhogo ili ushike;
mkono wangu ukaacha alama karibu na mlango,
Bi Nantende akataka kuifuta.
Nikamwambia aiache.

Kabati ndilo lililotutoa jasho.
Miaka kumi na mmoja limesimama mbele ya dirisha
kwa sababu siku tuliyolileta mvua ilinyesha
na wapagazi walilitua hapo hapo.
Tulipolisukuma, mwanga ukaingia bila hodi,
na nyuma ya mwanga, genge, bonde,
Ruvuma nyembamba kama uzi uliomdondoka fundi,
na ng'ambo yake Msumbiji.
Kumbe kabati lilikuwa limeziba nchi nzima!
Nikaweka pale kiti kimoja. Kimoja tu.

Jioni Mfaume akarudi shamba, njano mpaka kope,
bomba la kupulizia mgongoni.
Akasimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba.
"Hili niliweke wapi?"
Miaka kumi na tisa hakuwahi kuniuliza hivyo.
Akakaa kwenye ngazi, akaosha miguu polepole,
kidole kimoja kimoja.

Kitu kimoja tu kilinishinda: ndara za mama,
za bluu, kisigino kimelika upande wa kulia.
Nilizitia kwenye sanduku, nikazitoa.
Nikaziweka juu ya kabati, nikazishusha.
Bi Nantende, safari hii, hakusema neno.
Mwishowe nikaziacha mlangoni, zikitazama nje,
mahali ambapo ndara huachwa
na mtu aliyemo ndani.

Alhamisi narudi kupimwa.
Namba zitasema zitakalo.
Ila jana usiku niliamka kwenda uani,
sikuwasha taa, sikupapasa ukuta,
na miguu yangu haikugonga kitu
mpaka mlangoni,
gizani, nikazivaa.