Jumamosi, Chumba cha Kemia

Tulikuwa kumi na wanne, walimu wa Rēzekne na vijiji vyake,
tumebanana kwenye viti vya watoto,
theluji ya makoti ikiyeyuka sakafuni.
Mbele yetu Ainārs, mkufunzi kutoka Riga,
atufundishe namna ya kuiagiza akili mnemba.

"Iambieni mnachotaka," akasema. "Msiionee haya."
Valdis wa jiografia akaiuliza juu ya maziwa ya wilaya yetu;
ikamtajia na moja ambalo hakuna aliyewahi kulitia ndoano,
kina chake mita ishirini na moja,
bila hata kupepesa.
Tulicheka mpaka Zenta akavua miwani aifute.

Mimi niliiagiza insha:
mvulana wa miaka kumi na mitatu,
majani yanapukutika, bibi anachemsha tufaha.
Sijameza chai, insha imekwisha,
safi kama shuka la hotelini
ambalo halijalaliwa na mtu.

Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi.
"Mtoto akiniletea hii, akaapa ni yake,
nitajuaje?"

Ainārs alivua saa yake, akaivaa tena.
"Hutajua, mwalimu. Na siku nyingine utadhani unajua.
Kaa naye. Muulize bibi ni nani,
tufaha zilitoka mti gani, nani alipanda kuzichuma."

Mwalimu, alisema. Sauti ile.

Darasa la saba, dawati la chini ya dirisha lenye ufa.
Aliandika juu ya baba aliyekwenda Norwei kutumbua samaki,
akauacha wembe wake kwenye sinki
ungali na vinyweleo vya ndevu,
na mama, kila asubuhi, akiosha sinki lote
ila wembe.

Nikasema mbele ya wenzake: mtoto haandiki hivi.
Umenakili wapi?
Nikampa moja kati ya kumi, wino mwekundu,
nikapiga mstari hadi karatasi ikachanika.
Swali lingine sikuwa nalo.

Saa saba tukapewa vyeti.
Wenzangu wakakimbilia basi la Ludza,
Valdis akiimba jina la ziwa lake.
Nilibaki nikikunja nyaya zisizo zangu.

"Ule wembe," nikaanza, koo limekauka.
"Mama yako aliuosha lini?"

Zipu ya mkoba ilikuwa imekwama, akaivuta, akaivuta.
"Hakuuosha," akasema.
"Ninao."