Utenzi wa Madebe Mawili

Kazi yetu ni kokoto,
nyundo, karai na joto,
wengine wana watoto
mgongoni. Ni Maweni.

Vumbi letu la chokaa
nyusini mwetu hukaa;
saa nne twashangaa:
ajuza wa ishirini.

Ng'ambo ya pili ni Amu,
wajenga nyumba muhimu
kwa wageni wa msimu;
mawe yatoka kwa nani?

Dama, mjane wa Bamba.
Atieno ana pamba
masikioni, huimba
kuziba nyundo kichwani.

Mwanaharusi wa Pate
alishona siku zote;
cherehani yake, pete,
vyote vimo rahanini.

La nane nilimaliza,
hesabu nikaongoza,
ada ikanifukuza,
nikaishia nyundoni.

Famau, msimamizi,
ana madebe ya kazi
mawili, naye yu wazi:
"La kike hili, la chini."

La kiume, la buluu,
hutundikwa pale juu;
letu lina kutu kuu,
limebonyea pembeni.

Karatasi yasomeka:
bei moja kwa hakika,
mume, mke, dada, kaka.
Imebandikwa getini.

Ila mimi na Bwanadi,
rundo sawa na zaidi,
yeye kumi kwa idadi,
nane mimi. Ni kwa nini?

Nikamuuliza, "Vipi?"
Acheka, "Mwataka lipi?
Mikono yenu mifupi,
na hesabu ni shuleni."

Sikujibu. Nikalala
na hasira, pasi kula,
kulipokucha, na hila
ya maji, iko moyoni.

Si kwamba hatukuhofu:
mbele ya geti ni safu
ya wenye njaa, dhaifu,
wanaongoja foleni.

Mwanaharusi mwenzetu
akashika debe letu,
Dama kaziba pa kutu
kwa kipande cha sabuni.

Tukalijaza kwa maji
ya chumvi, si ya mnywaji,
mbele ya mnunuaji
aliyetoka mjini.

Twamimina polepole
kwenye buluu ya kule,
likajaa tele tele,
yakabaki mengi ndani.

Yalobaki nikapima
kwa makopo yetu: vema,
matano yakasimama
mstarini mchangani.

Nikapindua kitako
cha debe: kuna mfuko,
nyundo imepita huko
kulisukuma tumboni.

"Mimba," akasema Dama,
"ya mwaka wa tisa, mama!
Na baba? Huyo, tazama,
kimya, yupo kivulini."

Mnunuaji kanuna,
simu yake akabana:
"Mzigo wangu wa jana
ulipimwa kwa la nani?"

Wapo walioinama,
wapo walionguruma
eti twavunja heshima
ya mkubwa hadharani.

Bwanadi hakuchelewa,
la buluu akatowa:
"Mimi naye tuwe sawa,
tupimwe nalo, jamani."

Debe jipya likaletwa.
Famau hakukamatwa,
na deni halijafutwa
la miaka. Tangu lini?

Siku ile ya malipo
Atieno, papo hapo,
pamba kaupa upepo:
"Kumi" isikike ndani.

Deni nimeliandika
kwa mkaa, lasomeka:
debe, siku, mwezi, mwaka,
ukutani, sebuleni.

Sasa wanitaka miye
niwe karani, nitwaye
kalamu, niishikiye,
kwa nusu ya wa zamani.

"Nusu?" Nikaita Dama:
"Lete maji ya kupima,
mshahara nao, hima,
tuumimine debeni."

Ukitaka kurudia
mishororo, nimetia
nane nane, yatimia;
mimi sipunji mizani.