Tafadhali Gusa

Miaka kumi na minane nimeshika funguo za jumba hili,
nyuma ya hospitali ya zamani ya Odense,
na kazi yangu ilikuwa neno moja: usiguse.
Nililisema kwa mdomo, kwa nyusi, kwa kikohozi.

Watu walikuja. Sisemi hawakuja.
Walisimama mbele ya msumeno wa kukatia mifupa
wakajishika magoti.
Walicheka mbele ya chupa ya mawe ya nyongo;
mvulana mmoja aliuliza kama yanaliwa.
Macho hayana pazia, lakini hayana mikono pia.
Yakishashiba hutafuta mlango,
na mlangoni petu kuna kahawa na keki ya mdalasini.

Kwenye kabati la saba hakusimama mtu.
Ndani: mfuko wa mpira, mweusi, umesinyaa
kama komamanga lililosahaulika juu ya friji.
Kibandiko nilikiandika mwenyewe:
mwaka, ugonjwa, jina la aliyetoa, namba.
Nilijivunia zile koma.

Kisha akaajiriwa Asger, na bisibisi yake.
Akatengeneza mfuko mwingine, akaulaza mezani, wazi,
bomba likaingia kwenye sanduku lenye taa ndogo.
Akaandika: *Bonyeza mara ishirini kwa dakika.
Ukiacha, inazimika.*
Basi.
Nikamwambia, umesahau tarehe.
Akasema, wataniuliza, mikono ikichoka.

Jumanne lilikuja darasa la tano kutoka Vejle,
makoti ya mvua yakichuruzika kwenye sakafu yangu.
Signe, mwenye waya menoni, alishika wa kwanza.
Dakika ya pili kidole gumba kikaanza kutetemeka.
Dakika ya nne akauliza: mgonjwa alibonyezewa muda gani?
Wengine wiki, nikasema. Wengine miezi. Usiku na mchana.
Na nani?
Wanafunzi wa udaktari. Mashine hazikutosha.
Na wakibanwa na haja?
Nikafungua kinywa, nikakifunga.
Miaka kumi na minane, na hilo sikuwahi kulitafuta.

Basi likapiga honi. Mwalimu akaita majina.
Signe hakutoka, wala si kwa ukaidi;
alikuwa anatafuta mtu wa kumwachia.
Akampata fundi bomba aliyeingia kujikinga na mvua.
Fundi akabonyeza na kofia yake kichwani,
akampa dada mwenye mtoto mgongoni,
dada akawapa vijana wawili waliokuwa wakigombana,
wakaunyamazia ugomvi wao, wakihesabu.
Hakuna aliyewaambia wapange foleni.
Hakuna aliyepumzika, ili mmoja apumue,
na mmoja mwenyewe hayupo,
ni balbu tu ya kroni thelathini.

Karibu na saa kumi akaja bibi mwenye shali ya kijani.
Simfahamu. Alilipa kwa sarafu.
Alimtazama kijana aliyekuwa zamu, kwa muda mrefu,
kisha akasema, kama anayemsahihisha mpishi:
Polepole. Mwanzoni wote mlikuwa na haraka.
Acha itoke kwanza, ndipo uniletee nyingine.

*Uniletee*, alisema.
Kijana akapunguza kasi.
Bibi akafumbua shali kidogo, joto lilikuwa limezidi,
na pale chini ya koo palikuwa na kovu, dogo,
kama tundu la kifungo lililoshonwa.
Asger hakuomba ruhusa ya kurekodi. Nilimpenda kwa hilo.
Bibi akaniuliza: yule wangu alikuwa akinisomea magazeti,
kurasa za mpira, sikuzipenda kamwe. Mnalo jina lake?
Sina, nikasema.
Akaketi kwenye kiti changu cha ulinzi
akatazama taa mpaka basi lake la saa kumi na nusu.

Saa kumi na moja mvua ilikuwa imekatika,
na watu wakatoka mmoja mmoja, wa mwisho akaniwekea mfuko mkononi
bila kuniuliza, kama mtu anayempa jirani mtoto wakati anatafuta funguo.

Kengele ya kufunga ni mimi ninayeipiga.
Kamba yake iko ukuta wa pili.
Hatua tisa. Nilizihesabu.
Nikazihesabu tena.