Sifuri ya Nani

Nimekaa dawati la nyuma, Kidato cha Pili B,
fomu gotini, peni nimeifunga uzi isipotee.
Safu ya kwanza: nani kashika mizani ya springi.
Ya pili: nani anaandika.
Ya tatu: nani kauliza.
Wiki ya nne hii, hapa Newala.
Wavulana hushika. Wasichana huchora jedwali
kwa rula, mwandiko safi,
na hakuna aliyewatuma.

Springi zenyewe mbili, watoto sabini na wanane.

Mwalimu Chikawe si mtu mbaya.
Amekariri kanuni kwa Kiingereza,
kisha, akichungulia mlango, kwa Kiswahili:
"Ukibeba ndoo kichwani, njia tambarare,
kazi uliyoifanyia ndoo ni sifuri."

Darasa likaandika sifuri.

Somoe Likapa akasimama,
shingo imenyooka kana kwamba mzigo bado upo:
"Sifuri ya nani, Mwalimu?"

Wakacheka. Nikatafuta safu ya swali la namna hiyo.
Haikuwepo. Nililiandika pembezoni, kwa herufi ndogo.

Mwalimu alikuna kidevu. Akafunga kitabu.
Ghalani tukaazima mizani ya korosho,
kwa fundi muashi mpira wake wa kupimia usawa,
tukateremka njia ya Shimo la Mungu, sote,
hadi kisimani.
Somoe alishika mizani. Dadi Mnaida aliandika,
mwandiko wake kama kuku kaparura,
akafuta mara tatu.

Kilo ishirini. Mwinuko wa mita arobaini,
tuliouhesabu kipande kwa kipande, jua likituchoma utosi.
Jouli elfu nane, ndoo moja, safari moja.
"Mimi huenda mbili," akasema Somoe,
"ya kwanza Zuhura ikiwa bado juu ya Ruvuma."
Mwalimu akauliza Zuhura huwa wapi mwezi wa saba.
Alijua. Mimi nilikuwa nimeisoma tu.

Na pale njia iliponyooka?
Kwa ndoo, sifuri; Mwalimu hakurudi nyuma.
Kwa misuli, hesabu nyingine, sura ya mbele.
"Tuifungue leo," akasema mtu. Sikuona nani.

Mama yake, alipoambiwa, aliweka kata chini:
"Sifuri? Basi kesho nendeni nyinyi."

Novemba mtihani utauliza kwa Kiingereza.
Ataandika sifuri, atapata alama yake.
Fomu yangu nayo itajumlishwa mjini, safu tatu,
na pembezoni mwa karatasi
hapana anayejumlisha.