Kengele ya Kopo la Kimbo

Saa kumi na moja alfajiri, mbuga ya Nairobi inapopakana na Rongai,
namvika Watasema kola.
Ina antena fupi kama mkia wa mbuzi,
ina taa nyekundu inayokonyeza,
na huko juu, naambiwa, setilaiti
zinajua vyema pua ya mbwa wangu ilipo
kuliko mimi nijuavyo nilikoacha funguo.

Mjomba Kilungya amekuja mjini kutibiwa macho.
La kulia lina bandeji, la kushoto lina ukungu.
Nimemleta, kinyume cha kanuni,
akae juu ya boneti ya Landrova na chupa ya chai.

Namwachia mbwa. Nyasi zinafunga nyuma yake kama mlango.
Nainamia kioo:
mita themanini. Mia na kumi. Mia mbili arobaini.
Kidoa cha buluu kinatambaa juu ya ramani.
"Mbona," anauliza mjomba,
"mbwa yuko kule, nawe unamtafuta kiganjani?"

Yeye aliwinda kwa kengele.
Aliikata kwenye kopo la Kimbo, ulimi wake boliti ya baiskeli,
akaifunga shingoni mwa Sinahabari, jike la sikio moja,
na usiku kucha, nyanda za Athi, wakifuata nungunungu,
alilisoma giza kwa kilio cha bati:
kikipiga haraka, mbwa mbioni;
kikilegea, ananusa;
kikikatika ghafla, shika mkuki.
Ukimya ndio uliokuwa habari.

Lakini bati sitalililia.
Usiku mmoja ukimya ulikuwa kisima,
na mjomba akazunguka siku nne akiita.
Ya tano aliteremka kwa kamba
akarudi nyumbani na kengele tu.
Mimi, miaka sita ya kola hii, sijampoteza hata mmoja.
Watatu waliumwa na nyoka; wote niliwafikia wakingali wanahema.

Na kuna jambo tusilolisema tukinywa chai:
mwaka wa sabini na saba serikali ilifunga uwindaji,
naye hakuufunga.
Watu ninaolipwa kuwafuata kwa mbwa na setilaiti,
wenye mitego ya nyaya za breki na tochi za kichwani,
wana viganja kama vyake.
Hata kola wanazo sasa. Tuliwahi kuokota moja huko Tuala,
ina chaji, haina shingo.

"Amesimama," anasema mjomba.
Natazama kioo. Kidoa bado kinatembea.
"Amesimama, Munyoki. Maji yako kulia kwake."
Nahesabu: moja, mbili, tatu, nne,
na kidoa kinasimama, Mbagathi upande wa kulia,
kimechelewa kama mtoto aliyetumwa dukani.
Umesikia nini? Anainua mabega.
"Ndege wa upande ule wamebadilisha mazungumzo."

Tulikuta mitego kumi na minne, na swala mmoja, hai.
Mjomba akapiga magoti, akamfungua mguu.
Vidole vyake vililijua fundo lile
bila kuuliza macho.
Nami sikuviuliza vidole.

Usiku kambini naichaji kola. Nyekundu, kisha kijani.
Watasema amelala mlangoni, anajikuna pale kola ilipokaa;
kioo kinasema: mita sifuri.
Mjomba aliondoka jana, anaona mpaka ng'ambo ya barabara,
anasema Nairobi ina rangi nyingi mno.
Kengele ameiacha kwenye msumari wangu wa kofia,
hakusema neno.

Binti yangu akaitikisa, mchezo tu, mara moja.
Mbwa hakusogeza hata sikio.
Mimi ndiye niliyesimama,
kijiko mkononi,
nikingoja ilie tena.